Je, Wajua? Pointi Gadi, Kirangozi na Njia ya Ujiji

Je, wajua kwamba mwaka 2006 vijana wawili waliingia vyuo vikuu vya Marekani kucheza mpira wa kikapu, mmoja Mtanzania wa mita 2.21, mwingine kijana mwembamba wa Charlotte ambaye chuo walichosoma baba na mama yake kilimwambia aje ajiunge na timu bila ufadhili? Wote wawili walicheza misimu 3. Wote wawili waliondoka 2009. Tarehe 25 Juni mwaka huo majina yao yaliitwa jukwaa moja, New York, NBA ilipochagua wachezaji wapya. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliitwa wa 2. Stephen Curry aliitwa wa 7.

Je, wajua kwamba miaka 4 baadaye huyo wa 7 alikanyaga udongo wa magharibi ya Tanzania? Mwaka 2013 Curry alifika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kugawa vyandarua. Kambi hiyo ilifunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na siku aliyofika ilikuwa makazi ya makumi ya maelfu ya watu. Kasulu ni Buha, nchi ya Waha. Ni ardhi ileile ambayo misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji iliiogopa kwa wingi wa ushuru wake.

Na je, wajua kwamba safari hiyo ya Kasulu ilianzia bwenini? Chuoni Davidson, katika jimbo la North Carolina, Curry alikaa chumba kimoja na mchezaji mwenzake, Bryant Barr, na Barr ndiye aliyemvuta kwenye kampeni ya Nothing But Nets, iliyokuwa ikichangisha fedha za vyandarua kwa ajili ya Afrika. Akiwa NBA, Curry aliahidi vyandarua 3 kwa kila mtupo wake wa pointi 3. Msimu wa 2012–13 alifunga mitupo 272, rekodi ya NBA kwa wakati huo. Piga hesabu: vyandarua 816. Kwa watu wa Kigoma na Tabora, mikoa ambayo malaria haijawahi kuipa likizo, idadi hiyo ina sura za watoto.

Sasa tuulizane. Pointi gadi ni nani hasa? Ni yule anayepokea mpira timu yake ikianza kushambulia, akauvusha nusu ya uwanja, akawapanga wenzake kwa kidole au kwa jicho, kisha akaamua nani apewe, lini, upande gani. Wengine wanasubiri mpira, yeye anausafirisha. Akikosea yeye, wanne wamekosea. Kwa sheria za vyuo vya Marekani ana sekunde 10 za kuvuka mstari wa kati. Kwa sheria za kimataifa, ambazo ndizo zetu, ana 8. Ndani ya sekunde hizo anasoma uwanja mzima huku mikono ya adui ikimparamia.

Tabora inaijua kazi hiyo tangu kale, ila iliifanya kwa miguu, kwa miezi.

Je, wajua kwamba msafara wa zamani ulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia? Aliitwa kirangozi, neno lililo ndugu wa kiongozi. Alitembea mbele kabisa, kanzu nyekundu mwilini, manyoya kichwani, bendera mkononi au nyuma yake, na ngoma ndogo ikimsindikiza. Mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wengine, si kwa kudekezwa, bali kwa sababu alibeba njia. Mpelelezi Richard Burton, aliyeingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857 pamoja na John Speke, aliandika kwamba mpagazi aliyempita kirangozi alitozwa faini: alichomolewa mshale katika podo lake, akaukomboe mwisho wa mwendo. Kaze ndiyo Tabora ya leo. Safari ya Burton kutoka pwani hadi hapo ilichukua zaidi ya miezi 4.

Hebu mfikirie mtu huyo asubuhi. Nyuma yake wapo mamia ya watu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 na zaidi begani: shanga, nguo, waya, au wakirudi, pembe. Yeye ndiye anayeamua kama leo watatembea mwendo mmoja na kupumzika, au watafanya telekeza, yaani kuondoka mchana wa jua kali na kulala njiani pasipo maji, wayafikie maji kesho yake. Anajua kisima gani kimekauka. Anajua mtemi gani amekasirika. Penye njia panda anaweka tawi au anakwaruza mstari chini kufunga njia isiyo sahihi, ili wa nyuma wasipotee. Akienda haraka mno, msafara unakatika vipande na walio nyuma wanaporwa. Akienda polepole mno, posho inaisha kabla ya kijiji. Mwendo wa wote umo katika nyayo zake. Mwalimu wa kikapu akitaka kumweleza kijana wa Ipuli au Cheyo maana ya kuongoza kasi ya mchezo, sidhani kama atapata mfano bora kuliko huu.

Wajua, kwa njia, maneno mawili tuliyoachiwa na misafara hiyo? Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Hongo ilikuwa ushuru halali uliolipwa kwa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Henry Stanley, akitoka Tabora kumtafuta mpelelezi David Livingstone mwaka 1871, alilipa hongo Buha mara baada ya mara mpaka akaona nguo zitamwishia, ndipo alipoondoka kwa kunyata usiku. Leo hongo ni kosa la jinai.

Ni lazima pia isemwe wazi: njia hiyo ilipitisha watu waliofungwa kwa minyororo. Ndiyo maana katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia imeandikwa kuwa njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, yenye vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wafanya kazi kwa ujira, waliojadili malipo yao na kugoma walipodhulumiwa. Kwao upagazi ulikuwa kipimo cha utu uzima wa mwanamume. Ukirangozi ulikuwa cheo cha juu cha kazi hiyo, na ulipatikana kwa kuijua njia. Hakuna aliyepimwa urefu.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo.

Je, wajua kwamba kanda yetu imeipa Marekani hasa warefu? Manute Bol wa Sudan, mita 2.31. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyepitia chuo cha Georgetown. Hasheem wetu. Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Katanga, nchi ambayo Msiri alikwenda kujijengea ufalme akitokea upande wetu huu wa Unyamwezi. Biyombo hakupitia chuo, aliitwa moja kwa moja NBA 2011, naye akiwa wa 7. Wote ni walinzi wa goli, watu wa kuruka na kuzuia. Ninajivunia kila mmoja wao. Lakini hakuna kati yao aliyekuwa mshika mpira.

Na je, wajua kilichompata Hasheem siku alipompoteza mshika mpira wake? Machi 2008, Connecticut, timu yake, ilianza mashindano ya taifa ya vyuo dhidi ya San Diego, timu ambayo wachache waliipa nafasi. Mapema katika mchezo huo pointi gadi wa Connecticut, A.J. Price, aliumia goti, akatolewa. Hasheem alibaki uwanjani na mita zake zote 2.21. Connecticut ilifungwa 70 kwa 69 katika muda wa nyongeza, ikarudi nyumbani siku ya kwanza. Mwaka uliofuata Price alipona, akapata msaidizi mgeni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Kemba Walker. Timu ileile, Hasheem yuleyule, safari hii ikafika nne bora, na Hasheem akatajwa mchezaji bora wa ligi ya Big East pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Miaka 2 baadaye Walker, mwenye urefu wa kawaida kabisa, aliishika Connecticut mkono hadi ubingwa wa 2011.

Mrefu bila wa kumpa mpira ni mnazi usio na mkwezi.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Davidson.

Je, wajua kwamba katika mchezo wake wa kwanza kabisa wa chuo, Novemba 2006 dhidi ya Eastern Michigan, Stephen Curry alipoteza mpira mara 13? Kumi na tatu. Kwa makocha wengi hiyo ingetosha kumkalisha benchi mwezi mzima. Kocha wake, Bob McKillop, alimwacha acheze. Davidson walishinda mchezo huo, na siku ya pili yake kijana akafunga pointi 32 dhidi ya Michigan. Nikitafakari maisha yake yote ya baadaye, ubingwa, tuzo mbili za mchezaji bora wa NBA mwaka 2015 na 2016, dhahabu ya Olimpiki mjini Paris 2024, naona mlango ulikuwa pale: mtu mzima mmoja aliyevumilia makosa 13 ya mtoto.

Je, wajua kwamba baba yake, Dell Curry, aliyecheza NBA misimu 16, alimfundisha kurusha upya akiwa sekondari? Kijana alikuwa akirushia kiunoni kwa kukosa nguvu, na warefu wangemzuia. Baba alimpandisha mikono juu ya paji la uso. Kiangazi kizima mpira haukuingia, na kijana alichukia kurusha. Utotoni aliwahi kuzunguka uwanjani na mchezaji mwenza wa baba yake huko Charlotte, Muggsy Bogues. Huyo naye alikuwa pointi gadi wa chuo, Wake Forest, 1983 hadi 1987. Urefu wake? Mita 1.60. Ndiye mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA, na alidumu huko misimu 14.

Mita 1.60. Mwalimu wa michezo, kabla hujaendelea kusoma, hebu kumbuka wanafunzi wako wa urefu huo. Wapo wangapi?

Davidson ni chuo kidogo, wakati huo kilikuwa na wanafunzi chini ya 2,000. Machi 2008 kiliishinda Gonzaga, Curry akifunga pointi 40. Kikaishinda Georgetown baada ya kuachwa nyuma kwa pointi 17. Kikaishinda Wisconsin 73 kwa 56. Wadhamini wa chuo waliwalipia wanafunzi mabasi, hoteli na tiketi waende Detroit kuwaona wenzao. Mpaka hapo kila mtu alikuwa akimtaja Curry, lakini je, wajua kwamba hakuwa yeye pointi gadi wa timu ile? Alikuwa Jason Richards, ambaye msimu huo aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa pasi za kufungia, wastani wa 8.1 kwa mchezo. Curry alikimbia huku na huko kujifichua. Richards ndiye aliyemfikishia mpira kwa wakati. Jina la Richards limebaki kwa wachache. Naliandika hapa kwa makusudi.

Dhidi ya Kansas, wakiwania kuingia nne bora, Davidson walikuwa nyuma 59 kwa 57, zimebaki sekunde 16. Mpira ulikuwa mikononi mwa Curry. Walimjia wawili. Akampa Richards. Richards akarusha, mpira ukagonga ubao na kutoka, kengele ikalia. McKillop alipiga magoti pembeni ya uwanja. Kansas wakaja kuwa mabingwa. Watu wengi walimuuliza Curry kwa nini hakurusha mwenyewe, na kwangu jibu limo kwenye mchezo: walikuwa wawili juu yake, na mwenzake alikuwa peke yake. Hiyo ndiyo pasi sahihi. Kurusha na kukosa ni habari nyingine.

Richards alimaliza chuo. Ndipo msimu wa 2008–09 Curry akapewa mpira auendeshe yeye, kwa mara ya kwanza. Na mwaka huohuo vyuo vilisogeza nyuma mstari wa pointi 3, kutoka mita 6.02 hadi 6.32. Kazi mpya, mstari wa mbali zaidi. Aliongoza taifa kwa kufunga, wastani wa 28.6, akitoa pasi za kufungia 5.6 kila mchezo. Aliondoka akiwa na pointi 2,635 katika michezo 104, rekodi ya chuo chake.

Lakini mchezo ninaoupenda kuliko yote hayo ni ule ambao hakufunga hata pointi moja.

Je, wajua habari yake? Tarehe 25 Novemba 2008, dhidi ya Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola aliamua walinzi wake wawili wamwandame Curry kokote aendako, awe na mpira, asiwe nao. Curry aliona. Akaenda kusimama kwenye kona ya uwanja, wale wawili wakamfuata, wakasimama naye. Wenzake 4 wakabaki kucheza dhidi ya 3. Alirusha mara 3 tu mchezo mzima. Aliondoka na sifuri kwenye karatasi, yeye aliyekuwa akiongoza nchi nzima kwa kufunga. Davidson 78, Loyola 48.

Soma tena matokeo hayo. Ushindi wa pointi 30, na kiongozi hakufunga kitu. Misafarani pia anayefanikisha mwendo si lazima awe anayetajwa: Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872, na wapagazi aliowasubiri miezi yote ile ndio waliouwezesha mwendo wake wa mwisho. Vitabu vilimtaja yeye. Ila watumishi wake Chuma na Susi, walioibeba maiti yake mpaka pwani mwaka 1873–74 wakipitia Tabora, walikuwa wakiijua njia kuliko aliyesifiwa. Tembe la Kwihara lipo hadi leo, unaweza kwenda kulitazama.

Haraka haraka sasa, kwa wapenda namba.

Je, wajua kwamba mchezo mrefu kuliko yote ya Big East ulimkutanisha Hasheem na pointi gadi asiyechoka? Ni tarehe 12 Machi 2009, New York, Connecticut na Syracuse, nyongeza 6. Syracuse walishinda 127 kwa 117, tayari ilikuwa saa saba usiku imepita. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Miezi michache baadaye Flynn aliitwa NBA wa 6, hatua moja mbele ya Curry. Nyonga ikamsumbua, akacheza huko misimu 3 tu. Na Machi 2012 Houston iliwauza pamoja kwenda Portland, yeye na Hasheem Thabeet, katika mkupuo mmoja. Watu wale wawili wa usiku wa nyongeza 6. Maisha ya mchezaji wa chuo yana ncha hiyo: wengi wao kilele chao ni chuoni, na hilo halina aibu yoyote.

Je, wajua kwamba Bobby Hurley aliondoka Duke 1993 na pasi za kufungia 1,076, ambazo hakuna mwanamume wa chuo aliyekuwa amezifikia kabla yake? Suzie McConnell wa Penn State alikuwa ameshazipita miaka 5 kabla, kwa wanawake: 1,307.

Je, wajua kwamba Sabrina Ionescu wa Oregon ndiye wa kwanza katika historia ya vyuo vikuu vya NCAA, wake kwa waume, kufikisha pointi 2,000, pasi za kufungia 1,000 na ribaundi 1,000? Alimaliza 2020. Na Caitlin Clark wa Iowa, pointi gadi pia, alimaliza 2024 na pointi 3,951 pamoja na pasi 1,144. Shule ya Wasichana Tabora, salamu zenu hizo.

Je, wajua kwamba James Naismith alipotundika vikapu vya matunda huko Springfield, Desemba 1891, na kuuanzisha mchezo huu, Mtemi Isike alikuwa bado anatawala Unyanyembe? Alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 kuliko kujisalimisha kwa Wajerumani. Mpira wa kikapu na kuanguka kwa Tabora ni wa rika moja.

Na je, wajua kwamba Davidson walikataa kuitundika juu ya uwanja jezi namba 30 ya Curry kwa miaka 13, ingawa alikuwa mmoja wa wachezaji maarufu zaidi duniani? Sheria ya chuo ilikuwa fupi: jezi haitundikwi mpaka mwenyewe ahitimu. Alikuwa ameondoka akiwa na mwaka mmoja wa masomo mbele yake, na alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza. Alimaliza Mei 2022, shahada ya sosholojia, akiwa na umri wa miaka 34, baba wa watoto 3. Tarehe 31 Agosti mwaka huo akavaa joho, akapokea shahada, jezi ikapanda siku hiyohiyo. Chuo hakikulegeza sharti, na mchezaji hakulitaka lilegezwe. Hasheem naye aliondoka baada ya mwaka wa 3. Wengi huondoka hivyo.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yameshafanyika hapa Tabora miaka ya karibuni, na mpira wa kikapu ni mmojawapo wa michezo yake. Ukikaa pembeni ya uwanja wowote wa shule zetu wakati timu inachaguliwa, utaona jambo lilelile. Wanafunzi wanapangwa mstari. Jicho la mwalimu linakwenda juu ya vichwa. Wale 5 au 6 warefu wanatolewa mbele, wengine wanaambiwa warudi darasani. Tangu Hasheem afike NBA, desturi hiyo imeota mizizi. Kila shule inamsaka Hasheem wake. Nimewahi kumwona mtoto mfupi aliyeachwa hivyo, akabaki nje ya mstari akiwaelekeza wenzake kwa kidole nani akae wapi. Alikuwa sahihi kila mara. Hakuna aliyemwangalia.

Yule alikuwa kirangozi. Alizaliwa penyewe, katika mji uliowalea wenye kazi hiyo kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na tukamrudisha darasani kwa sababu ya sentimita.

Walimu wa michezo wa Tabora, Urambo, Nzega, Uvinza na Kasulu, nawaomba jambo moja msimu huu. Kabla hamjapanga mstari wa urefu, wagaweni watoto wote timu, wapeni mpira, mkae kimya dakika 10. Mtazameni anayewapanga wenzake bila kuambiwa. Mchukueni huyo, hata kama kichwa chake kinaishia begani kwa wengine, na akipoteza mpira mara 13 siku ya kwanza, msimtoe.